Dirisha Lililofunguka Juu ya Dirisha

Ndugu zangu, kabla hatujatoa sadaka yetu ya shukrani, nisikilizeni kidogo habari za muuguzi mmoja mstaafu. Tumwite Sista Tusajigwe. Miaka thelathini na minne alivaa sare nyeupe wodini, na alipostaafu hakuweza kukaa kwenye kochi akatazama ukuta. Akasema, "Haya niliyo nayo kichwani, nife nayo?" Akaanzisha tovuti ya kuwafundisha watu kuuguza wagonjwa wao nyumbani: namna ya kumgeuza aliyelala siku nyingi asipate vidonda, namna ya kumlisha aliyepigwa na kiharusi asipaliwe. Aliandika kama anavyoongea, taratibu, utadhani amekaa na wewe kando ya kitanda.

Lakini tovuti haijiendeshi. Duka moja la vifaa vya wagonjwa likaomba kuweka humo tangazo la magodoro ya hewa, na Sista akakubali kwa moyo mweupe, maana godoro lile linamfaa mgonjwa. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mtu akibonyeza tangazo, anauacha ukurasa wa Sista na kuingia dukani. Je, atarudi?

Akamwita fundi wake wa tovuti, bwana mmoja mtulivu aitwaye Lugano.

"Mwanangu, nataka mtu akibonyeza tangazo, duka lifunguke kwenye dirisha jingine. Ukurasa wangu ubaki pale pale, chini yake."

Lugano akakuna kidevu. "Inawezekana, mama. Ila wengine watachanganyikiwa. Mtu amezoea kubonyeza kurudi nyuma, akarudi alikotoka. Dirisha jipya halina nyuma. Ndiyo kwanza limezaliwa."

"Wataona tu. Si wana macho?"

Fundi hakutaka kubishana na mtu wa umri wa mama yake. Akafanya alivyoagizwa.

Na mwezi ule, jamani, habari zikawa njema! Lugano akaleta takwimu: watu wanakaa kwenye ukurasa mara mbili ya zamani. Sista alilengwa na machozi. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote kwa kuwapa watu utulivu wa kukaa na kujifunza. Tungekuwa sisi, tusingeshukuru?

Mchana mmoja, akiwa anachambua mchele, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima.

"Habari za mchana, Sista. Namba yako nimeipata kwenye tovuti yako. Naitwa Mwalimu Ambwene. Mimi sioni, nilipofuka tangu utotoni. Nimepiga kukushukuru."

Akasimulia. Mke wake alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja wote ukafa ganzi. Watoto wako mbali, nyumbani wamebaki wao wawili. Mwalimu ana kompyuta inayomsomea maandishi kwa sauti, naye huiongoza kwa vidole. Siku moja mkewe alipaliwa na uji, nusura amfie mikononi. Kesho yake asubuhi Mwalimu akaiweka kompyuta kando ya kitanda, imsomee mafundisho ya Sista hatua kwa hatua. Akapika uji mzito, akamkalisha mkewe wima, akasubiri uji upoe kidogo. Kompyuta ikafika kwenye tangazo la godoro. Akawaza, acha nichungulie mara moja, nitarudi. Akabonyeza.

"Nikasikia bei za magodoro, Sista. Nikabonyeza kurudi nyuma. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nilijua ukurasa wako hauko mbali, lakini sikujua uko upande gani."

Sista akaweka ungo chini.

"Ukafanyaje, Mwalimu?"

"Ningefanya nini? Kumlisha kwa kubahatisha niliogopa. Nikamshika mkono. Uji ukapoa, yeye analia njaa, mimi napapasa. Hadi saa tisa, jirani yetu aliporudi kutoka shamba. Akaangalia, akafunga dirisha moja tu, akasema, 'Mwalimu, mbona ukurasa wako uko hapa hapa chini? Haukwenda popote.' Basi nikapasha uji, kompyuta ikanisomea: kidevu kiiname, kijiko kidogo, ngoja ameze kwanza. Akameza, Sista! Bakuli zima! Leo wiki ya tatu, hajapaliwa. Subiri nikupe mwenyewe."

Sista akasikia mkwaruzo wa simu ikisogezwa, kisha pumzi nzito, kisha sauti iliyopinda, kama ya mtu anayevuta mzigo mlimani.

"Aaa... te."

"Anakushukuru," mume akasema. "Haijanyooka bado, lakini ni asante."

Sista alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, "Mwalimu, hukunikasirikia?"

"Nikukasirikie wewe uliyenisaidia kumlisha mke wangu? Hapana. Ila nina ombi moja. Njia niliyotokea, niache nirudi nayo."

Walipoagana, Sista akampigia fundi pale pale.

"Lugano, wale watu wanaokaa muda mrefu kwenye ukurasa wangu, wanasoma?"

Lugano akajibu, "Dirisha likibaki wazi, mama, muda unaendelea kuhesabiwa. Hesabu haijui kama mtu anasoma au amepotea."

Ndugu zangu, mmesikia hapo? Lile jambo alilolitolea ushuhuda kanisani, kumbe ndani yake walikuwamo watu wanaopapasa! Mtu ameshika mkono wa mkewe mwenye njaa, anatafuta njia, na sisi huku tunapiga vigelegele kwamba watu wanatupenda!

"Badilisha leo," Sista akasema. "Anayekwenda, aende kabisa. Akitaka kurudi, abonyeze mara moja awe amefika."

"Takwimu zitashuka, mama."

"Zishuke."

Zikashuka. Wapo waliokwenda dukani na hawakuonekana tena. Lakini Mwalimu Ambwene alirudi. Kila juma alirudi, akauliza hili, akaeleza lile, siku moja akaandika kwamba mkewe amesimama akiegemea meza. Na wengine wakaanza kuandika pia, watu ambao Sista hakuwahi kujua kuwa wapo. Alisoma kila barua akiwa amepiga magoti, na mara hii alijua anashukuru kwa ajili ya nani.

Sasa tuongee sisi kwa sisi. Wangapi kati yetu tunahesabu waliomo ndani, wala hatuulizi wamo kwa nini? Mama, mkweo yuko kwako kwa sababu anakupenda, au kwa sababu umemzibia njia ya kwao? Baba, mwanao anakupigia simu kwa furaha, au kwa kuogopa maneno yako? Na wewe mzee wa kanisa, yule ndugu aliyekwenda kusali kwingine, akirudi leo atakuta nafasi, au atakuta maswali?

Mungu wetu angeweza kutushika kwa nguvu. Nani angemzuia? Lakini tulipotamani vya nje, alituacha twende. Tukaenda, kwa vidole vyetu wenyewe. Na siku tulipochoka tukageuka, je, alituzungusha? Alitufanya tupapase toka asubuhi hadi saa tisa? Ilikuwa hatua moja tu, wapendwa. Tukageuka, tukamkuta!

Nani humu ndani hajawahi kurudi? Mimi nimerudi, tena si mara moja. Basi inukeni, mlete shukrani zenu mbele za Bwana. Leteni kama watu waliorudi, si kama watu walioshindwa kutoka.