Daraja Lililojaribiwa Mara Kumi

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama mliolazimishwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, wanyama wa bondeni walijenga daraja la fito na kamba ili wavuke mto kwenda mlimani. Mvua zilikuwa zimekaribia, na kila mwaka mvua zilizamisha mashimo yao. Kesho wangehama. Nguchiro, mama wa watoto watatu, ndiye angevuka wa kwanza.

Kazi ya kujaribu madaraja ilikuwa ya ukoo wa Nyati, tangu enzi na enzi. Jaribio lao lilikuwa moja tu: kukimbia. Gudugudugudu, wamefika. Gudugudugudu, wamerudi. Mara kumi.

"Limefaulu," akatangaza Mzee Nyati.

"Shikamoo, Mzee," akasema Nguchiro. "Mara ya kwanza mlifanya nini?"

"Marahaba. Tulikimbia."

"Na ya pili?"

"Tulikimbia."

"Na ya kumi?"

"Binti, unapenda maneno. Limebeba nyati kumi na wawili. Wewe una uzito gani hasa?"

Nguchiro akashusha pumzi. Pembe zote zile, na hakuna hata moja iliyofikiri.

"Mzee, kwato zenu zinaruka mapengo. Mwanangu hana kwato."

Akachukua jiwe, kimo cha mwanawe, akaliviringisha darajani. Likaenda, likaenda, likapenya pengoni, chubwi. Mto ukalimeza.

Nyati wakaziba mapengo kwa matete, huku wakinung'unika. "Umeridhika sasa?"

Aliridhika. Ndipo Kobe akajikohoza. "Na mimi je? Mimi sikimbii."

"Kobe, kaka, utatuchelewesha," akasema Nguchiro. Akaisikia sauti yake mwenyewe: ilikuwa ya Mzee Nyati kabisa. Akaona haya. "Basi nenda."

Kobe akaenda. Kwata. Kwata. Wenzake wakapiga miayo. Kwata. Katikati akasimama, pua juu ya kamba.

"Fundo hili limebaki nyuzi mbili," akasema, bila haraka yoyote. "Kwato zimelilegeza. Mkikimbia hamwezi kuliona."

"Lakini lilifaulu mara kumi," akasema Mzee Nyati.

"Mara kumi mlizidi kulifungua, Mzee," akasema Nguchiro. "Wanangu wangekuwa juu yake kesho."

Mzee Nyati akanyata hadi alipokuwa Kobe. Akainama, kwa mara ya kwanza, akalitazama fundo.

Siku ile kila mnyama akalijaribu kwa tabia yake. Kima akaning'inia, kamba ya pembeni ikakatika. Panya akatafuna, wakajua kamba ipi ni laini mno. Wakafunga upya, wakalaumiana, wakafunga tena.

Asubuhi mvua ikashuka. Nguchiro akavuka, akageuka, akahesabu: mmoja, wawili, watatu.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: kurudia jaribio lilelile si kujaribu zaidi. Kila atakayekitumia kitu akikijaribu kwa njia yake, ndipo ubovu wake hujulikana.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye kubisha, na abishe kwa hoja.