Mausi Tatu na Kitambaa Chekundu

Hii usiisome ukaifungia kwenye simu. Kuna mtu unayemjua inamhusu, na huenda ni bosi wako.

Shule moja ya sekondari kule Rungwe ilikuwa na kompyuta moja tu, na mkuu wa shule, Mwalimu Mwaisumo, aliiheshimu kuliko wageni wa wilayani. Aliivisha kitambaa chekundu cha kufuma, chenye matundu matundu, kama vile vya kwenye makochi. Kila jioni alichomoa mausi na kuifungia kabatini isiibwe. Kila asubuhi aliichomeka tena akipitisha ncha ya waya wake kwenye matundu ya kitambaa, maana kukivua aliona ni kuiacha mashine uchi.

Ikafika siku ya mwisho ya kuandikisha watahiniwa wa kidato cha nne. Majina themanini na manne yalikuwa tayari ndani ya mashine. Ilibaki kubonyeza "Tuma" tu kabla ya saa kumi alasiri. Ambaye jina lake halijafika, mtihani wake ni mwakani.

Saa nane kamili kishale kikagoma. Kompyuta haioni mausi. Mwalimu akaizima, akaiwasha. Wapi!

Akaazima mausi ya zahanati, akaichomeka kwenye tundu lilelile, maana lilikuwa moja tu. Haionekani. Akaazima ya chama cha ushirika cha chai. Nayo kimya.

Akaitwa fundi Gwamaka kutoka mjini. Akaingia ofisini na miwani yake ya jua, akaigonga mashine ubavuni, akatikisa kichwa.

"Mkuu, mfumo umeoza. Tufute kila kitu tuanze upya."

"Na majina ya watoto?"

"Hayo yanafutika. Mtayaandika tena."

"Themanini na manne, kwa saa moja?"

Mwalimu akakaa chini. Watahiniwa walikuwa wamejaa dirishani, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Kwenye kona alikuwepo Bi Atuganile, karani, na ufumaji wake mapajani. Huyu alianza kazi enzi za taipureta. Barua ya kumhamishia stoo ilikuwa mezani kwa mkuu ikisubiri sahihi, eti haendi na wakati.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Mausi tatu, za nyumba tatu, zife mchana mmoja? Huo si ubovu, huo ni msiba wa ukoo."

Gwamaka akacheka. "Mama, haya si mambo ya taipureta."

"Sawa, baba. Ila kwenye taipureta, herufi ikigoma tulianza kwa kutafuta uchafu. Hebu izimeni kwanza."

Akakivua kitambaa. Mwalimu akafumba macho kama amevuliwa yeye. Bi Atuganile akamulika tundu la kuchomekea mausi kwa tochi ya simu, akaingiza ncha ya sindano yake ya kufumia, akavuta polepole. Ukatoka uzi mwekundu, umejisokota mpaka umekuwa mgumu.

Wakawasha. Wakachomeka mausi ileile ya kwanza. Kishale kikaruka!

Saa tisa na dakika hamsini Mwalimu akabonyeza "Tuma". Kioo kikaandika: yamepokelewa, 84. Dirishani watoto wakalipuka, madaftari yakarushwa juu, wapishi wakaja mbio na miiko yao wakipiga vigelegele. Hata Gwamaka alivua miwani akashangilia. Raha iliyoje!

Mwalimu akauinua ule uzi. "Nani aliyefuma takataka hii? Leo atanitambua!"

Wapishi wakashusha miiko. Uzi hauna jina; aliyefuma angenyamaza, asingejulikana.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema Bi Atuganile. "Kile kitambaa nilikuachia mezani kama zawadi ya Krismasi, bila jina. Mwisho wa uzi sikuufunga vizuri. Ulipotoka tu, niliujua."

Mwalimu akamtazama, kisha akautazama mkono wake mwenyewe.

"Na mimi ndiye niliyeusukuma ndani kila asubuhi," akasema taratibu. Akaichukua ile barua ya stoo, akaichana mbele ya wote, akamkabidhi ufunguo wa kabati. "Mama, kuanzia leo mashine hii iko mikononi mwako."

Kitambaa kipo mpaka leo, kwenye kiti cha mkuu. Kompyuta inakaa uchi, na inafanya kazi.

Funzo: Wageni watatu wakishindwa kuingia, usiwalaumu wageni, kagua mlango, na ukikuta ni mkono wako ulioufunga, sema.