Mlango wa Saba wa Bwawa

Hapo zamani za kale, na nasema kale yenyewe, si hii ya juzi mnayosimuliwa na waongo wadogo wadogo, ndani ya msitu mnene palikuwa na bwawa la maji maangavu. Ukichungulia unaona kokoto zilivyolala. Mimi nilichungulia.

Humo aliishi Chura, peke yake. Zamani mabwawa yalikuwa mengi na vyura tele, lakini Tembo na Nyati waligaragara katika bwawa baada ya bwawa, maji yakawa tope, mayai ya vyura yakaozea humo. Wazee wakafa, vijana wakahama. Likabaki bwawa hili na Chura huyu, mdogo kama kidole gumba changu. Kila jioni alipika, akapakua sahani mbili kwa mazoea, kisha moja akairudisha chunguni.

Sheria ya msitu ilikuwa hivi: bwawa lenye kaya saba ni kijiji, hakuna ruhusa ya kulivuruga. Pungufu ya hapo, mwenye nguvu anaingia. Na kaya zilihesabiwa kwa hodi. Unabisha mlangoni mara tatu. Ukiitikiwa, pana watu.

Chura akapata habari kuwa wale wakubwa wanakuja. Akapiga hesabu ambayo hata mimi, niliyefika mpaka darasa la nne, naiona ngumu: yeye mmoja, kaya saba. Ukingoni palikuwa na mashimo saba ya kaa waliohama, yote yameungana chini ya maji. Akayafagia, akatandika mkeka kwenye kila mlango. Kila jioni akafanya mazoezi ya sauti, anazama hapa anaibukia pale, anajiuliza habari, anajijibu njema. Mwishowe akaanza kuyapenda yale mazungumzo.

Asubuhi moja, ndi, ndi, ndi, ardhi ikatikisika. Tembo na Nyati hao. Nyati ndiye aliyekuwa na haraka, nzi wamemjaa mgongoni.

"Hodi, hodi, hodi."

"Karibu," Chura akaitikia kwa sauti yake.

Chubwi! Akazama, akaibukia mlango wa pili na sauti ya kike, akamwambia Tembo afute miguu. Wa tatu akawa babu mwenye kikohozi. Wa nne akatoka kwa kunong'ona:

"Bwana Nyati, taratibu basi. Mtoto ndiyo kwanza kalala."

"Niwie radhi, mama," Nyati akasema, kumbe mama mwenyewe ndiye yule babu.

Wa tano akawa kijana mkorofi, anauliza kama tembo wote wana masikio machafu hivyo. Wa sita pumzi zilikuwa zimemkatika, akasingizia homa. Halafu, kule chini ya maji, miguu ikakakamaa. Akajivuta, wapi. Juu Nyati keshafika mlango wa saba.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Chura akafumba macho. Tope lile alikwisha kuliona.

"Hodi."

"Karibuni," sauti ikaitikia. "Ila humu tumejaa, wazee wangu."

Tembo akashusha pumzi. "Saba. Si nilikwambia, ndugu yangu, hapa ni kijiji?" Wakageuka, wakashika njia ya mto mkubwa wa bondeni, wenye maji ya kuwatosha.

Chura akaduwaa, maana sauti ile haikuwa yake. Akajikokota mpaka mlango wa saba. Juu ya mkeka aliketi chura wa kike, vumbi hadi kwenye kope.

"Nisamehe, kaka," akasema. "Kwetu kulivurugwa, nikabaki mimi tu. Siku tisa nimejibanza kwenye majani hapa nyuma. Kila jioni nawasikia mnavyosalimiana nyumba kwa nyumba. Nikasema, hawa wana watu wao, mimi watanifanyia nini? Leo nimeona mwenye nyumba hayupo, nikamwitikia." Akatazama huku na huku. "Wenzako wako wapi?"

Chura akaanza kwa sauti ya babu, akaiacha, akashika ya mama, nayo ikakatika. Ikabaki ya kwake, nyembamba.

"Wote ndio mimi."

Jioni hiyo alipakua sahani mbili, wala hakurudisha kitu chunguni.

Hadithi imefika mlangoni, mwenye shaka akabishe hodi mwenyewe. Nanyi, mkimdanganya adui kwamba hamko peke yenu, angalieni msimdanganye na rafiki.