Mlango wa Kanisa la Mwambani

Sogeeni mnisikilize, kisha mnisaidie, maana jambo hili limenishinda.

Palikuwa na mama mmoja huko Same, mwalimu mstaafu, jina lake Bi Nakiete. Alijaliwa watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Namsifu, kifungua mimba, alikuwa fundi cherehani, na jicho lake halikupitwa na kitu. Mshono uliokwenda upande aliuona akiwa bado mlangoni. Mbonea, wa kati, alibeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro miaka kumi na miwili. Mgongo wake haukujua kuchoka, wala mdomo wake haukujua kulalamika. Kajiru, kitinda mimba, alikaa mapokezi katika hoteli moja ya Arusha. Huyo maneno yake yalimtoa nyoka pangoni, na lugha za wageni alikuwa ameziokota nyingi, Kigiriki kidogo kikiwemo.

Sasa, jikoni kwa Bi Nakiete palikuwa na picha ya kalenda ya zamani: kanisa dogo lenye kuba la buluu, limeng'ang'ania mwamba juu ya bahari, mlango wazi, ndani giza. Chini yake jina la kisiwa cha Ugiriki, Sarini, basi. Miaka thelathini alisonga ugali akiitazama na kujiuliza mle ndani mna nini. Daktari wa macho alipomwambia kwamba mwaka hautaisha kabla nuru haijamtoka, wanawe walimwuliza angependa kuona nini.

"Mle ndani," alisema.

Wakachanga, wakaenda.

Sarini si kisiwa cha kukosa pa kutembelea. Siku ya kwanza walizunguka mji wa bandarini, vichochoro vyeupe vyenye paka kila kizingiti, wakala pweza wa kuchoma kando ya ufuko wa changarawe. Kila waliyekutana naye walimwuliza habari za kanisa lenye kuba la buluu mwambani. Watu walitikisa kichwa. Makanisa yapo tele, walisema, lakini la namna hiyo, hapana.

Siku ya pili walipanda kwenye ngome ya kale kileleni. Wageni wote walielekea upande wa bandari kupiga picha. Namsifu akamshika mama yake mkono, akaenda naye upande wa pili, kwenye upepo, akaanza kuikagua miamba mmoja mmoja. Bi Nakiete, ambaye kwake bahari ilikuwa ukungu wa buluu tu, alisikia pumzi ya binti yake ikikatika.

"Mama, nimeuona mwamba. Una pengo kama la jino, vilevile kama kwenye picha."

"Lakini kanisa lile ni jeupe lote," alisema Kajiru.

"Kuba limepakwa rangi upya. Mwamba haupakwi."

Waliulizia, wakaambiwa kanisa hilo limefungwa tangu tetemeko lilipopasua sakafu yake. Ufunguo anao Bibi Stamatia, mama mtu mzima wa kijiji cha vinu vya upepo, na hamfungulii mgeni yeyote. Siku ya tatu Kajiru akaenda kwake peke yake. Alimkuta barazani akimenya maharage mabichi. Hakuomba ufunguo. Aliketi, akavuta bakuli, akamenya naye hadi adhuhuri, akimsimulia kwa Kigiriki chake cha kuunga-unga habari za mama yake na ile picha ya jikoni. Bibi alimsahihisha maneno, akacheka, kisha akaweka bakuli chini.

"Bado anaona?" aliuliza.

"Kidogo. Palipo na mwanga."

"Basi mlete kesho alasiri. Jua huingia dirishani mara moja tu kwa siku, tena kwa dakika chache."

Siku ya nne barabara iliishia juu ya genge. Kutoka hapo ni ngazi za mawe za kushuka hadi kanisani, zaidi ya mia tatu, hazina pa kushika, na upepo unasukuma. Bi Nakiete alijaribu tatu, magoti yakagoma. Mbonea akachukua kitenge mabegani mwa dada yake, akamfunga mama mgongoni kama mtoto kwenye mbeleko, akaanza kushuka. Katikati ya njia jiwe lilibiringika chini ya mguu wake. Bi Nakiete alihisi mgongo ule ukitetemeka, kisha ukatulia.

"Umeumia, mwanangu?"

"Tunakaribia, Mama."

Walipofika, kifundo chake kilikuwa kimevimba kama embe.

Bibi Stamatia, aliyekuwa akiwasubiri mlangoni, alifungua, akainua vidole viwili. Sakafu haibebi zaidi ya watu wawili. Mama, na mmoja wa kumwongoza na kumweleza yale asiyoyaona. Jua tayari limegusa kizingiti cha dirisha, na kubadilishana hakuna nafasi.

"Niingie mimi, Mama," alisema Namsifu. "Nitakuonyesha hata ufa wa rangi. Bila mimi tungekuwa bado tunatafuta buluu."

"Bibi amenifungulia mimi," alisema Kajiru. "Nami nitakusimulia hata ukiwa gizani, usisahau uliyoyaona."

Mbonea alikuwa ameketi kwenye jiwe, akishika mguu.

"Nendeni nyie. Mimi nitasubiri."

Bi Nakiete aliijua sauti ile. Ndiyo aliyoisikia kila siku nyama ilipokuwa haitoshi.

Alinyoosha mkono mbele yake, kiganja juu. Mwanga ulikuwa umeshaanza kupanda ukutani, na alijua kwamba mtu atakayeingia naye ndiye atakayekumbuka naye siku zote atakazokuwa haoni.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: aliyeliona, aliyelifungulisha na aliyemfikisha. Mkono ule ungekuwa wako, ungeushikisha nani?