Muhogo Usio na Ladha

Uvumi ulianzia kisimani, na Hamisa alishindwa kuutoa moyoni: eti huko Yombo watu wa nyumba moja walikula muhogo mchungu wa kuchemsha, wakalala, wasiamke. Wengine walisema ni porojo za wachota maji. Hamisa hakujua ukweli wake. Alijua tu kwamba ana mtoto mmoja, Tabu, na kwamba wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari: mwenye akili hujikinga shari ingali mbali, hangoji imbishie hodi.

Ilikuwa miaka ya vita vya Wazungu. Mchele ulikuwa adimu kama maziwa ya kuku, na Temeke nzima ilikula muhogo. Kwa wenyeji hilo halikuwa geni. Kwa Kokuberwa, jirani wa Hamisa, ilikuwa elimu mpya. Alitoka Bukoba kwenye ndizi, yeye na mwanawe Didas, akamfuata mumewe Revelian, karani wa reli. Hamisa alimfundisha barazani, kisu mkononi.

"Sikiliza, mama Didas. Kabla ya kupika, kata kipande, kiguse kwa ncha ya ulimi, teme. Kikiwa kitamu, chemsha mle. Kikiwa kichungu, usithubutu kuchemsha. Menya, loweka mpaka ulainike, anika, ndipo utwange unga."

"Mambo mengi hivi? Ndizi zetu hazina makuu."

"Ndizi zenu haziui, shoga."

Somoe, jirani mwingine, alikuwa kando akisuka ukili. Akaangua kicheko. "Mwache huyo! Hamisa hata maji ya mvua huyaonja kwanza."

"Na bado ningali hai," Hamisa akamjibu.

Jumamosi moja Kokuberwa aliamka jino likimuuma, shavu limevimba kama andazi. Hamisa alimpa karafuu azitafune na kuzibana kwenye jino. Maumivu yakatulia. Adhuhuri Tabu akaenda kucheza na Didas, kama kawaida yake.

Hamisa alikuwa akikuna nazi Somoe alipopita. "Jirani yako kanunua muhogo kwa yule muuza mafungu, anayechanganya wa mashamba yote."

Hamisa alijituliza. Kokuberwa amefundishwa, ataonja. Akaendelea kukuna. Mara mkono ukasita. Ataonja kwa ulimi gani, naye ameshinda na karafuu kinywani?

Alitoka mbio, kifuu kikabingirika nyuma yake. Aliwakuta watoto mkekani, sinia linafuka moshi, Didas anatafuna, Tabu ananyoosha mkono.

"Tabu, acha! Didas, tema!"

Didas alitema cha kinywani, lakini vya kwanza vilikwisha kushuka.

"Kwani vipi?" Kokuberwa alishtuka. "Nimeonja, mama Tabu, kama ulivyosema. Haukuwa mchungu."

"Ulikuwa mtamu?"

Kokuberwa akagusa shavu lake lililovimba. "Sikusikia ladha yoyote. Nikasema, maadamu si mchungu, basi ni mtamu."

Hamisa aliokota kipande kibichi kilichobaki ungoni, akakigusa kwa ulimi. Kilikuwa kichungu kama kwinini. Akatema.

"Karafuu zimekutia ganzi, shoga. Ulimi uliolala hautoi ushahidi."

Haukupita muda Didas akashika kichwa, akatapika, miguu ikalegea. Kokuberwa alipiga yowe. Hamisa hakupiga, alimtupa mtoto mgongoni, akafunga kanga, wakakimbia hadi zahanati. Mganga alimhudumia, akasema wamewahi. Angemaliza sinia, ingekuwa habari nyingine.

Kesho yake jioni Didas aliomba chakula. Mama yake akamletea uji. Mtoto akautazama kwa shaka.

"Mama, umeuonja?"

Kokuberwa na Hamisa, aliyekuja kumjulia mtoto hali, walicheka mpaka machozi yakawatoka, nayo hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Nilikupa njia mbili," alisema Hamisa, "nikaacha ya tatu. Ukiwa mtamu, chemsha. Ukiwa mchungu, loweka. Na usipojua, uhesabu kuwa mchungu."

"Hiyo ya tatu ungeanza nayo, mama Tabu."

Wakati huo Somoe akaingia, muhogo mkononi. "Hebu nionjee huu."

"Kwani wewe huna ulimi?"

"Ninao. Lakini nimetafuna tambuu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Enyi mama wenzangu, yaepukeni haya:

Usionje muhogo ukiwa na karafuu, tambuu au dawa yoyote kinywani.

Usionje mmoja ukahukumu fungu zima.

Usiseme "si mchungu" ukadhani umesema "ni mtamu".

Usimfundishe mtu la kufanya akijua, ukaacha la kufanya asipojua.

Usimcheke anayeuliza mara mbili, kwani mwana wa Kokuberwa yu hai kwa kuwa Hamisa alijiuliza mara ya pili. Ama kweli, tahadhari kabla ya hatari.