Sultani Aliyekwenda Kutazama Ndege

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa mji wa kelele, pakawa kinamasi cha mwiko. Na wewe unayesinzia huko nyuma, itika!

Hapo zamani za kale, kando ya mji mkubwa, palikuwa na kinamasi kilichojaa matete. Ilikuwa mwiko kukata tete hata moja. Ukitaka kukitembelea, ulimtafuta Sikudhani, mwanamke aliyerithi kwa mama yake kazi ya kuongoza wageni.

Siku moja Sultani wa mji akaja kutazama ndege. Akaja na ngoma, akaja na siwa, akaja na wapambe kama siafu. Siwa ikalia vuuu! Ndege wote wakaruka.

"Naona majani tu!" Sultani akanuna. "Kesho yakatwe yote, niwaone ndege vizuri."

Jamani, kuna watu na viatu! Ukibomoa nyumba, utamkuta nani ndani?

Yangeyange, ndege mweupe, akamjia Sikudhani analia. "Dada, wanangu wamo humo kwenye matete, na hawajaota mbawa. Nitawapeleka wapi?"

Sikudhani moyo ukamuuma. "Maadamu niko hai, hawakati," akasema.

Asubuhi akamsubiri njiani Sultani, aliyekuja na watu wenye mapanga. "Bwana Sultani, ingia tena, ila uache ngoma."

Sultani akaingia bila ngoma. Lakini wapambe wake wakapiga soga, wakacheka kwa-kwa-kwa, na ndege wakaruka.

"Naona majani tu! Kateni!"

Sikudhani akaketi katikati ya njia, mbele ya mapanga. "Basi waanze na mimi. Au uingie mara ya tatu, peke yako, bila viatu."

Hakuondoka. Wenye mapanga wakatazamana. Nani amkate mama wa watu?

Sultani akavua viatu kwa hasira, akamfuata. Akivuta mguu, matope yanamvuta Sultani. Akivuta mguu, matope yanamvuta Sultani. Akivuta mguu, akakwama kabisa.

"Nitoe!" akafoka.

"Nyamaza kwanza, bwana. Ukinyamaza, nitakutoa."

Akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu atawazwe. Jua likapanda. Kiboko akaibuka, akapiga miayo. Vyura wakaanza mazungumzo yao. Yangeyange akashuka polepole, akatua juu ya kilemba cha Sultani.

Kutoka kwenye kiota, kinda mmoja akachungulia. "Mama, umesimama juu ya nini?"

"Gogo, mwanangu. Gogo jema, halina kelele."

Sultani machozi yakamtoka, na hakuthubutu kuyafuta.

Mara sauti ya Waziri ikavuma kutoka ukingoni: "Bwana! Wenye mapanga wamechoka kungoja! Tukate?"

Sikudhani akafumba macho, amekunja ngumi. Sultani hakugeuza hata shingo.

"Punguza sauti, Waziri," akanong'ona. "Hapa ni kwa watu."

Hadithi yangu imekwama hapo matopeni, na matete bado yamesimama.