Unyoya wa Buluu Kwenye Ndoana

Paukwa!

Mbona mnaitika kwa kelele hivyo? Mnataka mtaa wa pili wasikie? Itikieni polepole, maana nitakalowaambia ni siri. Haya, tena. Paukwa...

Pakawa.

Hivyo ndivyo. Sasa wekeni mikono vifuani, wakubwa na wadogo. Semeni: sitamwambia mtu, si jirani, si shoga, si wifi. Mmeapa? Vizuri. Mimi nami niliapa hivyo hivyo mbele ya Bi Chura aliyenipa habari hii, na jua halijatua nilikwisha kuwaambia watu watatu. Nifanyeje? Ulimi wangu unaniwasha.

Ilikuwa kale, kale ile ya wanyama kuvua kwa ufito na mshipi kama watu. Palikuwa na ziwa la maji baridi, limezungukwa na mafunjo, na ndani yake sangara wakubwa, wakali, walafi. Kando ya ziwa alikaa Ngedere na mkewe Sikitu. Jirani yao, katika tundu la ukingo wa udongo, alikaa Mdiria. Mdiria mnamjua: ndege mdogo, mdomo mrefu, manyoya ya buluu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Alikuwa mjane. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kito.

Basi Sikitu akaugua. Hali, hanywi, mbavu zinahesabika. Siku moja akasema, "Mume wangu, roho yangu inataka supu ya sangara. Nikiipata hiyo, labda nitaamka."

Ngedere hakuwa mvuvi. Yeye na matunda, matunda na yeye. Lakini mke ni mke. Akakata mwanzi mnene, akafunga uzi wa kwanza aliouona, akachomeka mnyoo kwenye ndoana. Akatupa. Chubwi! Sangara akavuta. Mwanzi haukupinda hata kidogo. Uzi ukakatika, tap! Ngedere akabaki ameshika mti.

Kumbe Bi Nungunungu alikuwa anamtazama. Bi Nungunungu alivua tangu usichana wake, na mdomo wake ulichoma kuliko miiba yake.

"Wewe bwana, huo ni ufito au nguzo ya nyumba?"

"Bi mkubwa, usinicheke. Mke wangu anakufa."

Bi Nungunungu akaweka kikapu chini. Akamkatia ufito wa mkole, shina gumu, ncha laini inayoinama. "Ufito ukiinama, samaki anachoka yeye, si uzi." Akamsokotea mshipi wa mkonge, nyuzi tatu kwa pamoja. Akamfungia shinani ganda la konokono la kuzungushia mshipi. "Akivuta, mwachie. Akichoka, zungusha." Kiri kiri kiri, ganda likalia. Akaokota mwiba wake mmoja ulioanguka, akaufanya boya.

"Na chambo?" Ngedere akauliza.

"Sangara hana haja na mnyoo wako. Anataka kitu kinachong'aa na kukimbia majini. Funga unyoya wa Mdiria kwenye ndoana, uvute kwa kushtuashtua, ataufuata mpaka ukingoni. Lakini sisi huku hatunyonyoi mtu. Chambo ni kilichoanguka au kilichotolewa. Kamwombe."

Ngedere akaenda. "Dada Mdiria, naomba unyoya mmoja, wa chambo."

"Kaka, ningekupa sasa hivi. Lakini nalisha mtoto, na manyoya haya ndiyo ninayorukia. Subiri mvua ziishe. Yakianza kupukutika, njoo uchukue yote."

Subiri! Ngedere akarudi nyumbani. Sikitu alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima.

Asubuhi Mdiria akapiga hodi. "Kaka Ngedere, nawahi ziwani. Niangalizie mwanangu."

"Nenda, dada. Usiwe na wasiwasi."

Mdiria akaruka, puruu! Ngedere akasimama mbele ya tundu. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaingiza mkono gizani.

"Ni wewe, mjomba?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Aah! Mjomba, unaniumiza!"

"Nakutoa kupe, mtoto mzuri. Usimwambie mama, atahangaika bure."

Mkono ukatoka na unyoya. Mdogo, laini, wa buluu, na tone la damu kwenye kikonyo. Ngedere akaufuta damu kwenye paja lake. "Unyoya mmoja tu," akajiambia. "Mmoja hauna neno."

Chubwi! Boya likazama. Kiri kiri kiri! Sangara huyo nje, mkubwa kama mtoto wa mbuzi. Sikitu akanywa supu. Kesho yake akakaa. Keshokutwa akasimama. Siku ya nne akashika ufagio.

Mambo yangeishia hapo, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini majirani walikuja. "Ngedere, hongera! Ngedere, fundi! Mkono wako una nini?" Na Ngedere, wanangu, alikuwa hajawahi kusifiwa tangu azaliwe. Sifa zikamlewesha. Na sangara ana meno, unyoya hauvumilii. Kila baada ya siku tatu chambo kilichanika. Kila baada ya siku tatu mkono uliingia tunduni.

"Mjomba, kupe hawaishi?"

"Bado kidogo."

"Mjomba, nasikia baridi hapa ubavuni."

"Utapata joto ukianza kuruka."

Unyoya mmoja tu. Mmoja hauna neno.

Mdiria akaona. "Kaka, mbona bawa la Kito lina mapengo?"

"Manyoya ya utoto hayo, dada. Yataota mengine."

Naye akaamini. Angeachaje kuamini? Ndiye jirani yake.

Siku ya kuruka ikafika. Watoto wote wa ukingoni walitoka, mama zao wanaimba. Wa kwanza akaruka, puruu! Wa pili, puruu! Kito akasimama ukingoni, akageuza kichwa. "Mjomba, nitazame!"

Ngedere akamtazama.

Kito akajitupa. Bawa moja likashika upepo, jingine halikushika. Chubwi!

Walizamia. Walipekua mafunjo mpaka jua likachwa. Hawakumpata.

Mdiria akakaa tunduni, akasema neno lile lile. "Sikumlisha vizuri. Sikumlisha vizuri. Wenzake wameruka, wangu ameshindwa, basi kosa ni langu." Na Ngedere alikaa mlangoni akisema, "Pole, dada. Pole sana." Alitaka kusema lingine. Akasema pole tena.

Sasa, wanyama wa ziwa lile walikuwa na desturi. Siku ya tatu ya matanga, wote huenda ukingoni. Mvuvi mmoja huvua samaki wa msiba, na mfiwa mwenyewe ndiye humtoa ndoana mdomoni. Ndipo chungu huinjikwa. Kabla ya hapo hakuna anayekula.

Wakamtaka Ngedere. Nani mwingine? Fundi ndiye yeye.

Ngedere akafunga pamba ya msufi kwenye ndoana. Akatupa. Kimya. Akafunga jani jekundu. Kimya. Akafunga mnyoo. Kimya. Waombolezaji wakaanza kunong'ona.

"Nyumbani kwake anavua, kwenye msiba havui!"

"Au mkono umeingia majivuno?"

Sikitu akaona aibu. "Mume wangu, vipi leo?"

Mdiria mwenyewe akaja, mabawa yanaburura mchangani. "Kaka, tafadhali. Nivulie samaki wa mwanangu, watu wapate kula, waende."

Ngedere akawapa mgongo. Mkobani mlikuwa na chambo kimoja tu kizima: manyoya mawili ya mwisho, aliyoyachomoa siku mbili kabla ya Kito kujaribu kuruka. Akawaza: samaki akifika karibu nitaukata mshipi kwa meno, niseme amenitoroka. Akafunga haraka. Akatupa.

Chubwi! Boya likazama palepale.

Ufito ukainama. Ganda likalia, kiri kiri kiri! Ngedere akapeleka meno kwenye mshipi. "Wee! Unafanya nini?" Bi Nungunungu akaudaka ufito kwa mikono miwili. Wengine wakamshika Ngedere kiuno. "Vuta! Vuta! Samaki wa Kito huyo! Vuta!"

Sangara akaanguka mchangani, pu! Wakampisha mfiwa.

Mdiria akaingiza mdomo kinywani mwa samaki. Akatoa ndoana polepole. Akaiweka chini. Akaitazama.

Hakupiga kelele. Aliyakung'uta maji yale manyoya mawili, akayanyoosha moja moja, kama alivyokuwa akimnyoosha Kito kila asubuhi. "Haya ni ya bawa la kushoto," akasema. "La mwanangu."

Bi Nungunungu akainama kuangalia. "Ngedere. Yalianguka, au yalitolewa?"

Mshipi ulikuwa ungali umemzunguka Ngedere kidoleni, upande wa pili ndoana, na juu ya ndoana manyoya ya mtoto.

Sikitu akajishika tumbo. "Mume wangu... na ile supu?"

Mdiria akayachukua manyoya, akayaweka chini ya bawa lake, kama anayatia joto. Akamgeukia Ngedere. Wote wakamgeukia. "Alikuwa anakuita mjomba," akasema.

Basi jueni hili, wakubwa na wadogo: shida yako haikupi ruhusa ya kuchukua cha mwenzio. Omba, na ukiambiwa subiri, subiri. Na mtoto uliyeachiwa kumlinda usimguse, hata unyoya wake mmoja.

Ngano yangu naitua hapa. Imenielemea, siwezi kuibeba zaidi.